Gobori na Hesabu Zake: Shabaha Inagharimu Nini?

Aprili 1857, katika shule ya shabaha ya jeshi la Uingereza huko Hythe, bunduki mbili za kushindilia kwa mdomo zilipambanishwa. Moja ilikuwa Enfield ya mwaka 1853, silaha ya kawaida ya askari wa miguu. Ya pili ilibuniwa na Joseph Whitworth, fundi mitambo wa Manchester. Zote zilijazwa baruti ya uzito uleule, greni 70, na risasi ya uzito uleule, greni 530. Kwa umbali wa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa futi 2.24, yaani inchi 27 hivi. Za Whitworth zilitawanyika kwa futi 0.37, inchi nne na nusu. Umbali ulipofika yadi 1,400, Enfield haikugusa ubao hata mara moja. Whitworth ikaendelea kupiga.

Tofauti hiyo ya mara sita haikutoka kwenye baruti. Ilitoka kwenye mtutu: kipenyo chake, mwendo wa mifuo iliyochongwa ndani, na jinsi risasi ilivyoshikana na chuma. Ilikuja na bei yake pia, kwani Whitworth moja iligharimu karibu mara nne ya Enfield. Jeshi likaikataa kwa sababu mbili: gharama, na mtutu wake mwembamba ambao ulijaa masizi upesi.

Fundi yeyote wa gobori bado anapiga hesabu hizohizo: risasi inakaaje mtutuni, baruti iwe kiasi gani, na masizi yaondolewe vipi. Marekani ndiko hesabu hizo zinakofanywa kwa wingi leo. Majimbo mengi hutenga msimu maalumu wa uwindaji kwa magobori, Pennsylvania ina msimu wa bunduki za gumegume peke yake, na chama cha kitaifa cha walenga shabaha wa magobori, kilichoanzishwa mwaka 1933, hufanya mashindano yake Friendship, Indiana. Tufuate fedha na vipimo tuone usahihi unanunuliwa wapi.

Kwanza vizio. Greni moja ni gramu 0.065, na greni 7,000 ni ratili moja ya gramu 454. Inchi moja ni milimita 25.4. Yadi 100 ni mita 91.

Sehemu za elfu za inchi

Musketi ya Uingereza iliyopigana na Napoleon ilikuwa na mtutu laini wa kipenyo cha inchi 0.75, na goroli yake ya risasi ilikuwa kama inchi 0.69. Nafasi iliyobaki ni inchi 0.06, milimita moja na nusu. Nafasi hiyo iliachwa makusudi ili askari ashindilie haraka hata mtutu ukiwa na masizi. Hasara yake ni kwamba goroli iligongagonga kuta ikipita, na uelekeo wake wa mwisho ukaamuliwa na ukuta ulioguswa mwisho. Jeshi lililipia kasi ya kushindilia kwa usahihi, kisha likafidia kwa wingi wa askari waliofyatua kwa pamoja.

Mwindaji hana kikosi cha kumfidia. Yeye huziba nafasi ile kwa kitambaa. Chukua gobori la kaliba 0.50, ambalo ni la kawaida mno Marekani. Goroli yake ni ya inchi 0.490. Ukiizungushia kitambaa cha pamba cha unene wa inchi 0.015, unaongeza 0.015 kila upande, na jumla inakuwa 0.520. Mtutu wenye kipenyo cha 0.500 na mifuo ya kina cha 0.010 kila upande una upana huohuo wa 0.520 kutoka sakafu ya mfuo mmoja hadi ule wa pili. Kitambaa kinabanwa kwenye matuta yaliyo kati ya mifuo, kinajaza mifuo yenyewe, na kwa njia hiyo goroli inashikwa na kuzungushwa bila kugusa chuma chenyewe.

Kitambaa kikiwa chembamba kwa elfu tano tu za inchi, moto wa baruti hupenya pembeni. Kikiwa kinene kwa elfu tano, huenda usiweze kushindilia bila nyundo, na goroli inayopigwa nyundo huharibika umbo kabla ya kuondoka.

Ushahidi wa hayo hulala chini. Baada ya kufyatua, kitambaa huanguka hatua chache mbele ya mdomo wa mtutu, na mlenga shabaha makini hukiokota kabla hajatazama ubao. Kilicho sawa kina doa jeusi la mviringo katikati, alama za mifuo kulizunguka, na kingo zilizochanikachanika kidogo kwa upepo. Kikiwa kimetoboka katikati, moto umekipita: kinahitaji mafuta zaidi, unene zaidi au baruti kidogo. Kikiwa na mikato iliyonyooka inayofuata mifuo, matuta ya mtutu ni makali au mdomo wake una kovu. Taarifa yote hiyo inatoka kwenye kitu cha senti kumi.

Mwendo wa mifuo na umbo la risasi

Mwaka 1879, Alfred George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maofisa wa mizinga Woolwich, alitoa kanuni fupi. Chukua kipenyo cha risasi kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Jibu ni idadi ya inchi ambazo mifuo inapaswa kutumia kukamilisha mzunguko mmoja.

Goroli ina urefu sawa na kipenyo chake. Kwa goroli ya 0.490, kanuni inatoa inchi 73.5. Ndiyo maana mitutu ya goroli ya kaliba hiyo huchongwa mzunguko mmoja kwa kila inchi 60 au 66: goroli haihitaji kuzungushwa kwa nguvu. Sasa chukua risasi ndefu ya kisasa, kipenyo 0.45 na urefu wa inchi moja, ile inayovishwa koti la plastiki ili iingie mtutu wa 0.50. Jibu linashuka hadi inchi 30, na magobori ya kisasa kwa kawaida huwa na mzunguko wa inchi 28. Risasi ya Whitworth, yenye urefu wa kama inchi 1.4, inataka inchi 22 hivi. Whitworth alikwisha chagua 20, miaka 22 kabla ya kanuni kuandikwa.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kuwa swali la kwanza dukani lihusu mwendo wa mifuo. Mwenye mtutu wa inchi 66 anayenunua risasi ndefu za bei ghali anatupa fedha, kwa sababu risasi itapinduka hewani. Mwenye mtutu wa inchi 28 anaweza kupiga goroli, lakini akizidisha baruti goroli huruka mifuo badala ya kuifuata. Mitutu ya inchi 48 ilitengenezwa kama suluhu ya kati, na kama suluhu zote za kati, hufanya yote mawili kwa kiasi.

Baruti: mahali fedha inapochomwa bure

Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa asilimia 15 na salfa asilimia 10. Mchanganyiko huo haujabadilika sana kwa karne kadhaa. Wanaoanza hudhani ukiongeza baruti utapata usahihi. Hesabu inakataa.

Goroli ya inchi 0.490 ina uzito wa greni 177. Ikitoka mtutuni kwa kasi ya futi 1,800 kwa sekunde, hewa huipunguza hadi kama futi 1,050 ifikapo yadi 100. Nishati hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kinachofika ni karibu theluthi moja tu ya kilichoondoka. Goroli ni umbo baya la kupasua hewa, na kadiri unavyoisukuma kwa kasi ndivyo hewa inavyoisukuma nyuma. Baruti unayoongeza ili kupata futi 200 zaidi mdomoni hubaki na sehemu ndogo tu ya faida hiyo kwenye shabaha, na wakati huohuo masizi, teke la bunduki na mwungurumo vinaongezeka. Upepo nao hauna huruma: upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huihamisha goroli hiyo karibu inchi 10 kwa yadi 100. Kwa mpigaji wa goroli, kusoma majani ya miti kuna thamani kuliko greni 20 za ziada.

Njia inayofanya kazi ni ya taratibu. Anza na greni 50, panda kwa greni tano tano, na usivuke kikomo cha mtengenezaji wa bunduki. Kila kipimo kipigiwe risasi za kutosha, kitu kimoja tu kikibadilishwa kwa wakati mmoja. Kipimo hupimwa kwa ujazo, kwenye kikombe maalumu, kisha humiminwa mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya baruti, kwani cheche moja iliyosalia ndani hugeuza chupa kuwa bomu mkononi. Na baruti isiyo na moshi, ya bunduki za kisasa, isiingie kamwe kwenye gobori lisilotengenezwa mahususi kwa ajili yake. Shinikizo lake hupasua mtutu.

Kushindilia nako kuna kipimo. Goroli lazima ikalie baruti bila nafasi katikati. Nafasi ikibaki, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Wazoefu huchora alama kwenye mdeki, fimbo ya kushindilia: mara moja kwa mtutu mtupu, mara ya pili kwa mtutu uliojazwa sawasawa. Alama ikikaa juu ya mdomo kuliko kawaida, goroli haijafika.

Risasi tatu hudanganya

Wengi hupiga risasi tatu, wakaona matundu yamekaribiana, wakatangaza kipimo bora. Takwimu za mtawanyiko zinaonya. Bunduki ambayo kwa wastani huweka risasi 10 ndani ya upana wa inchi 3.81 itaweka risasi tano ndani ya 3.07, na risasi tatu ndani ya 2.41. Bunduki ileile, baruti ileile. Kundi la risasi tatu huonekana dogo kwa zaidi ya theluthi moja, kwa sababu tu risasi ni chache.

Kwa nini tujali? Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa Marekani huhesabiwa kuwa duara la inchi nane. Gobori linalotawanya risasi 10 kwa inchi 12 kwenye yadi 100 litaingia kwenye duara hilo kwa asilimia 55 hivi ya mapigo, hata mlengaji akilenga kitovu barabara. Ukipunguza mtawanyiko hadi inchi sita, asilimia inapanda hadi 96. Kati ya namba hizo mbili kuna wanyama wanaokimbia na jeraha. Mwindaji asiyeweza kuupunguza mtawanyiko amebakiwa na jambo moja la halali: kusogea karibu. Kwenye yadi 50, kundi lile la inchi 12 huwa inchi sita, na huo ndio umbali wake wa haki.

Bili ya jaribio

Tuchukulie bei za mfano zinazokaribiana na za maduka ya Marekani: baruti dola 30 kwa ratili, goroli 100 kwa dola 22, vitambaa 100 kwa dola 10, fataki 100 za kuwashia baruti kwa dola 12. Pigo moja la greni 70 linakuwa hivi:

Baruti: senti 30
Goroli: senti 22
Fataki: senti 12
Kitambaa cha goroli: senti 10
Kitambaa cha kusafishia: senti 3
Jumla: senti 77

Kupanda hadi greni 100 kunaongeza senti 13 kwa kila pigo, na mara nyingi hakuongezi usahihi. Anayeyeyusha risasi mwenyewe hupata goroli 39 kwa ratili moja, na bei ya goroli inashuka hadi senti chache.

Jaribio kamili la vipimo saba, kutoka greni 50 hadi 80, kila kimoja risasi 10, hutumia baruti greni 4,550, yaani dola 19.50. Ongeza goroli, fataki na vitambaa, inafika dola 52.40. Kisha jaribu aina tatu za unene wa kitambaa kwa kipimo kilichoshinda, risasi 10 kila aina: tukisema ni greni 65, hapo ni dola 22.50 hivi. Jumla ni dola 75. Ni mapigo 100, na ukishayaandika daftarini hulazimiki kuyarudia mwakani. Mali bila daftari huisha bila habari, na shabaha vilevile.

Upande wa pili, tuseme mwenye gobori la kisasa hutumia vidonge viwili vya baruti mbadala kwa senti 90, risasi yenye koti la plastiki kwa dola 1.50 na fataki ya senti 10. Pigo moja ni dola 2.50, mapigo 100 ni dola 250. Anapata masafa marefu zaidi, kwani risasi yake ndefu inapasua hewa vizuri. Lakini bei hiyo ndiyo inayomfanya apige risasi tatu na kuondoka, na hivyo asijue bunduki yake inaweza nini.

Masizi na kutu

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi. Inabaki chumvi na masizi. Pigo la greni 70 huzaa mabaki magumu ya karibu gramu 2.5. Sehemu kubwa hutoka na moshi, sehemu hukwama kwenye mifuo. Kila pigo linapunguza kipenyo cha mtutu, goroli inayofuata inabanwa zaidi, shinikizo linapanda na risasi inabadili mahali pa kutua. Jeshi la Uingereza lililijua hilo kwa Enfield: kipenyo cha risasi kilipunguzwa kutoka inchi 0.568 hadi 0.55 kwa sababu mtutu wenye masizi ulikuwa ukikataa kushindiliwa.

Mlenga shabaha hutatua kwa senti tatu. Kati ya pigo na pigo hupitisha kitambaa chenye unyevu mara moja hadi chini, akigeuza, kisha kikavu. Anachotafuta ni kila risasi ikute mtutu katika hali ileile. Anayesafisha baada ya pigo la kwanza, akaacha la pili na la tatu, ameweka bunduki tatu tofauti kwenye ubao mmoja.

Chumvi hizo hunyonya unyevu hewani, na kutu huanza ndani ya saa chache, hasa mahali penye joto na unyevunyevu. Mbadala wa baruti wenye perklorati, kama Pyrodex, huacha kloridi, na hiyo hula chuma vibaya zaidi. Mafuta pekee hayaondoi chumvi. Yanaifunika tu. Chumvi huyeyuka kwa maji: maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vitambaa hadi vitoke vyeupe, kukausha hadi chini kabisa, ndipo mafuta. Siku inayofuata pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia. Kabla ya kujaza tena, futa mafuta yote, la sivyo yatalowesha baruti.

Kisha kuna mdomo wa mtutu, sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Mdeki unaosugua upande mmoja kwa miaka huula mdomo, na risasi huanza kusukumwa pembeni na gesi inayotoka isivyo sawa. Alvan Clark wa Massachusetts, ambaye baadaye alipata sifa kwa kutengeneza darubini kubwa za nyota, alisajili mwaka 1840 hataza ya mdomo wa bandia: kipande kinachopachikwa wakati wa kushindilia na kuondolewa kabla ya kufyatua. Leo kazi hiyo hufanywa na pete ndogo ya shaba inayouongoza mdeki katikati. Ni kati ya vifaa vya bei ya chini kabisa katika sanduku, na kinalinda sehemu ambayo ikiharibika mtutu wote hupoteza thamani.

Kwa nini kwetu gobori lilibaki bila shabaha

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua gobori kama bunduki ya kelele nyingi na shabaha ndogo. Sifa hiyo ina historia. Mwaka 1888, Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia eneo hili kila mwaka. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa silaha kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, mbali na vibali vichache. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango. Mwafrika aliruhusiwa bunduki ambayo hesabu zake zilijulikana kuwa mbaya.

Magobori ya kienyeji yanayofuliwa leo, yenye mabomba yaliyogeuzwa mitutu, yako nje kabisa ya hesabu za makala haya. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba shinikizo la baruti, na hakuna kitambaa wala sabuni itakayolifanya salama. Kumiliki silaha ya aina hiyo bila kibali ni kosa la jinai Tanzania na Kenya. Aliye nayo aipeleke polisi.

Kwa mwenye leseni na mtutu halali, hukumu ya namba ni hii. Kinachopunguza mtawanyiko ni kitambaa cha unene sahihi, mtutu unaolingana na risasi, usafi usiobadilika na daftari, na vyote hivyo havifiki dola 80 za majaribio. Kinachouzwa kwa bei kubwa, baruti zaidi na risasi ghali, huja mwisho wa orodha. Nunua kitambaa kwanza.